Barafu ya Ukwaju Gotini

Mambrui,
9 Februari 2025

Dada Afiya,

Shikamoo. Kaa kitako kwanza, maana barua unayoisoma imeandikwa na mtu ambaye Mambrui nzima sasa inachechemea ili ifanane naye. Wallahi! Watoto wakitoka chuo cha Kurani wanaburura mguu wa kulia. Juzi nimemwona muadhini anashuka ngazi za msikiti upandeupande, nikasema basi, n'shakuwa mtindo.

Ulisema nisikutumie tena sauti ndefu kwenye simu, ati kwa sauti nakudanganya na kicheko kinanisaidia. Andika, ulisema, karatasi haichekicheki. Haya, mwalimu. Kijana wako aliyeikimbia shule kidato cha pili ameshika kalamu. Barua nampa kondakta wa basi la Garissa akushushie hapo Hola. Ukiona mwandiko umepinda, ni barabara ya Garsen hiyo, mimi nimeuandika umenyooka.

Hatujambo sote. Nyumba aliyotuachia marehemu mama nimeipaka chokaa upande mmoja, upande wa pili unangoja mguu. Umair ana miezi kumi na meno ya kutosha kuning'ata. Anatambaa kama kaa, ukimweka mlangoni unamkuta jikoni. Wifi yako Lubna akusalimia sana, na shemeji Mbarak mpe zangu.

Sasa goti. Najua umeshahadithiwa, lakini waliokuhadithia hawakuwa golini, mimi nilikuwa golini. Tulicheza na Gongoni, wale vijana wa chumvi, miguu yao migumu kama imekaushwa pamoja na chumvi yenyewe. Ikapigwa kona. Nikaruka. Dada, niliruka mpaka nikaona mabati ya nyumba za ng'ambo ya uwanja. Mpira nikaudaka juu kwa juu. Kushuka ndiko kulikokuwa na maneno: mguu wa kulia ukaingia kwenye shimo, mwili ukageuka, goti likabaki linatazama lilikotoka. Mpira sikuuachia. Wamenibeba nao mpaka kwenye pikipiki, refa anadai mpira wake, mimi nauambia uwanja mzima, ni wangu huu.

Daktari wa Malindi kasema mshipa wa ndani ya goti umechanika nusu. Hakuna kupasuliwa, ila ni mazoezi, na mpira niusahau kwa miezi. Natembea kwa magongo mawili. Na magongo yenyewe nayatembelea vizuri kuliko watu wengi wanavyotembelea miguu yao.

Na kuna furaha pia. Lubna ameitwa chuo cha uuguzi Kilifi, anaanza mwezi ujao. Akaniangalia mimi na magongo, akamwangalia Umair, akasema, "Basi nitaahirisha." Nikamwambia, kwa lipi? Nenda kasome. Nyumbani atakuwapo Umair, nitakuwapo mimi. Mwanamume anayezuia mikwaju ya Gongoni atashindwa na nepi?

Mdogo wako,
Ridhwan, ukuta wa Mambrui


Hola,
26 Februari 2025

Kwa Ridhwan, mdogo wangu,

Marahaba. Barua imenifikia ikiwa na doa la samli, kondakta ameifanya sahani. Huku tuko salama. Joto limekaza, shule ina madarasa mawili bila dari, na shemeji yako anakusalimia. Anauliza kama ni kweli ulipelekwa hospitali na mpira wa watu.

Umeandika neno "mshipa" vizuri kuliko nilivyotarajia. "Nitakuwapo" pia umeipata. Kumbe shule ilikufaa, ila wewe hukuifaa.

Umefanya jambo la kiume kumwambia Lubna aende. Ninalisema hili mara moja tu, usilikate ukalibandika ukutani. Lakini Ridhwan, mimi ndiye niliyekulea mama alipofariki, na nakujua. Ulikuwa ukitumwa mkate unarudi na mpira. Mtoto wa miezi kumi na moja hataki shujaa. Anataka mtu wa kumwinua akilia, na wewe hata kujiinua mwenyewe ni mpaka ushike ukuta.

Nileteeni Umair hapa. Chumba kipo, kivuli kipo, na maziwa ya mbuzi hapa ni tele. Mimi ni shangazi yake, si mtu wa kando. Akae mpaka upone, au mpaka Lubna amalize mwaka wake wa kwanza. Watoto wangapi wa Mambrui wamelelewa na shangazi zao, na wamekuwa watu?

Fikiri. Usijibu kwa haraka, wala usijibu kwa mizaha.

Dada yako,
Afiya


Mambrui,
6 Aprili 2025

Dada Afiya,

Shikamoo, na Idi ilikuwa njema. Umair nilimvalisha kanzu nyeupe, kufika saa tatu ilikuwa rangi ya mchuzi. Lubna alikuja siku mbili akarudi Kilifi. Anasema wenzake chuoni wanashangaa mumewe ndiye anayelea. Nimemwambia awapelekee picha yangu, wasishangae nusu nusu.

Umenikataza mizaha. Sasa nitakuhadithia vipi habari za Nyaboke?

Nyaboke ndiye mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitali, mama wa Kisii, mpole mpaka alishike goti. Siku ya kwanza kanilaza, kaukunja mguu, anasema, "Sema ukisikia uchungu." Nikamwambia, "Dada, mimi nina goti, sina mimba." Akasimama ananitazama. Kule kwao uchungu ni maumivu yoyote, hata ya jino. Wauguzi wa Malindi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo nikiingia wananiuliza, "Ridhwan, bado hujajifungua?"

Basi akanipa masharti: nikunje goti, ninyooshe, na kila nikimaliza niweke barafu. Anataka siku moja nichuchumae mpaka chini, makalio yaguse visigino. Nikichuchumaa hivyo, ameniambia, nimepona. Sawa. Nikarudi nyumbani, nikaenda mlango wa pili kwa Bi Nyevu anayeuza barafu, nikanunua barafu. Nikazifunga kwenye leso ya Lubna, nikaibandika gotini, nikajilaza mkekani kama sultani.

Dada, Bi Nyevu anauza barafu gani? Za ukwaju! Za vikopo, zenye sukari na pilipili kidogo. Mimi nikajua barafu ni barafu. Mara namwona Umair anakuja mbio za kutambaa. Akalikumbatia goti, akaanza kulilamba. Nyuma yake siafu. Nyaboke aliponiuliza wiki iliyofuata mbona goti lina rangi ya kahawia na limeumwa na wadudu, nikamwambia ndiyo dawa aliyoniandikia. Akasema, "Barafu ya MAJI, Ridhwan!" Sasa angesema maji tangu mwanzo.

Lakini sikiliza. Nimebadilisha, naweka ya maji, na Umair bado anakuja. Kila nikikaa kufanya mazoezi anatambaa mpaka gotini, analishika, anajivuta anasimama, anatafuta ukwaju wake. Mimi nakunja, yeye anapanda. Mimi nanyoosha, yeye anateremka. Nyaboke kasema uzito wake unanifaa kuliko vyuma vyao. Gongo moja nimeshalitupa. Nampikia uji hauna madonge, nepi nafua naanika kwa mstari, majirani wanapita wanazihesabu kwa wivu.

Kwa hiyo hilo la kumpeleka Hola, nakwambia kwa heshima zote: hapana. Ukitaka mtoto wa kumvalisha kofia siku ya Idi, mwambie shemeji Mbarak afunge duka mapema arudi nyumbani. Miaka yote hii ya ndoa mnalea kuku tu!

Mdogo wako,
Ridhwan, kipa na yaya


Hola,
8 Juni 2025

Ridhwan,

Marahaba. Barua yako ya mwezi wa nne ilifika.

Mume wangu hajambo. Mvua ilikatika mapema. Kuku wazima.

Nafurahi kwamba goti linakwenda vizuri. Nasikia mtoto ana mwaka na ushei na bado hatembei. Shule zikifungwa mwanzo wa Agosti nitakuja. Nikimkuta hatembei, na wewe huwezi kumwinua bila kushika ukuta, nitaondoka naye. Nimezungumza na Lubna kwa simu. Hajakataa.

Afiya


Mambrui,
15 Juni 2025

Dada Afiya,

Shikamoo, na samahani kwa mwandiko. Umair amelala juu ya mkono wangu mwingine.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mwanzo nilidhani ni basi limechukua ukurasa wa pili. Nikamuuliza kondakta, akaapa.

Lubna alikuja mwisho wa wiki. Nikamsomea barua zako, na ile yangu nikamkariria kwa kichwa, kwa sauti kubwa, unajua ninavyokariri. Nilipofika kwa Nyaboke alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipofika kwenye kuku hakucheka. Alimchukua Umair akatoka naye barazani. Aliporudi akaniambia mambo uliyomwambia yeye, hukuniambia mimi. Ya hospitali ya Garissa, mwaka juzi na mwaka jana. Siyaandiki hapa. Na wewe usinijibu.

Mimi mdomo wangu unaujua, unakimbia mbele halafu unanisubiri njiani. Sasa nina kalamu, nayo kumbe ina mbio zilezile.

Nasema neno moja la maana. Unakumbuka mama alivyokuwa akihadithia, mtoto wa nyumba hii akipiga hatua zake za kwanza, anayemmwagia bisi kichwani ni shangazi yake, si mwingine? Anasimama juu ya kiti, anamimina bisi na peremende, watoto wa mtaa wanagombania chini, na mtoto mwenyewe analia kwa kuogopa. Mimi ulinishika wewe, alinimwagia shangazi Shekha, na inasemekana nilikula nyingi kuliko nilizomwagiwa.

Bisi za Umair ni zako. Nakuahidi. Hatembei mpaka ufike. Utasema mtoto hazuiliki? Mimi ni kipa, kuzuia ndiyo kazi yangu. Akitaka kusimama peke yake nitamkalisha. Utashuka kwenye basi, utakaa barazani, nitamwachia, atakuja kwako, na wewe utamwaga bisi.

Najua umesema ukimkuta hatembei unaondoka naye. Ndiyo, nimejifungia mlango mwenyewe. Lakini atatembea mbele yako siku hiyohiyo, utaona. Na mimi nitakuwa nimesimama bila gongo. Nyaboke ameniruhusu kukimbia taratibu. Kuchuchumaa ndiko bado, nafika katikati goti linakataa. Kocha Stambuli naye ananiangalia kwa jicho la njaa. Mashindano ya mpira ya kugombea mbuzi ni mwezi ujao, na kipa aliyenaye hana mikono, ana vijiko.

Mdogo wako,
Ridhwan


Hola,
1 Julai 2025

Ridhwan,

Marahaba. Usimzuie mtoto.

Lakini mahindi ya bisi nimeshanunua.

Dada yako,
Afiya


Mambrui,
21 Julai 2025

Dada Afiya!

Shikamoo, shikamoo, na kama hapo Hola kuna bendera ipandishe! Hapa nyumbani sote wazima. Lubna yuko kwenye mitihani yake ya kwanza. Umair hajambo, anasimama akishika kitu. Ndiyo habari yake.

Sasa habari yangu. Jana Jumapili, fainali ya mashindano ya mbuzi, uwanja wetu, sisi na Gongoni. Haohao wa chumvi! Wamekuja na lori zima la washangiliaji, na ngoma. Walipopita barabarani wananiona nimevaa glavu, mmoja akapiga kelele, "Kipa, magongo umeacha wapi?" Nikamjibu, "Nimemwachia babako, atayahitaji akitoka hapa."

Nikaingia golini. Dada, goti lilikuwa kimya. Miezi sita linaongea kila asubuhi, jana likanyamaza kama mtoto aliyeshiba. Kuna fowadi wao anaitwa Odera, bonge la mtu, anabeba magunia ya chumvi mawili kwa mara moja. Alipiga mashuti mpaka nyasi zikaota upara. Nililala kulia nikadaka. Nikalala kushoto nikadaka. Moja nililipangua kwa ncha ya kidole, mpira ukaenda ukamwangushia mzee mmoja chai yake.

Wakatufunga moja, ya bahati tu. Odera alipiga kutoka mbali, jua likanipiga machoni, ukapita. Jua halina adabu. Sisi tukasawazisha mwishoni, ikawa ni penalti.

Hapo ndipo watu walipomwona Ridhwan. Wenzangu walifunga zao zote. Akaja Odera wa mwisho, akikosa, mbuzi ni wetu. Anaujua mguu wangu mbovu ni upi, akaupiga mpira upande huo makusudi, chini kabisa. Nikaangukia goti, goti lilelile, mkono nikaunyoosha, mpira ukanigonga kiganja ukatoka nje! Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka niko juu ya mabega ya watu, na kocha Stambuli analia kama bibi harusi. Nyaboke naye alikuja kutoka Malindi. Aliposhika goti langu akasema, "Halijavimba hata kidogo," akamwambia kila aliyekuwa karibu kwamba goti lile ni kazi yake. Ni kweli. Nilimwachia utukufu, mimi ninao mwingi.

Mbuzi yuko hapa uani, anakula chokaa ya ule upande niliopaka. Ukija tutamchinja. Natembea, nakimbia, naruka, nambeba Umair mkono mmoja na ndoo mkono wa pili. Sasa mwalimu, nipe alama.

Ridhwan,
bingwa


Hola,
26 Julai 2025

Kwa bingwa wa mbuzi,

Marahaba, na hongera, hongera tena. Nimeisoma barua yako kwa sauti, Mbarak akaacha chakula. Penalti ya Odera nimeirudia mara mbili. Mara ya pili nilikuwa jikoni na machozi yalinitoka, Mbarak aliponiuliza nikasingizia kitunguu. Ningependa mama angekuona.

Sasa, alama. Mchezo, zote. Maandishi, nakata.

Nimekulia kwenye uwanja ule, nilikuwa nikikuita kula ukiwa mchangani. Lango moja linatazama Gongoni, la pili linatazama Malindi. Jua la jioni linakwenda bara, linampiga kipa ubavuni. Machoni litaingia kwa njia gani, Ridhwan, lilizunguka?

La pili. Umeandika kurasa nzima juu ya vidole vyako, na juu ya mwanao mstari mmoja. "Anasimama akishika kitu. Ndiyo habari yake." Barua zako zote zilizotangulia hazikuweza kumaliza ukurasa bila kuniambia alichokula, alichovunja, alikojisaidia. Nimekaa na mstari ule siku nzima. Mtoto ana nini? Anaumwa? Mguu? Kama ana tatizo niambie kabla sijafika, usiniache nilikute mlangoni.

La tatu, nalo ndilo nililokuwa nikilifikiri kabla barua yako haijafika. Umair abaki kwake. Atembee, asitembee. Mtu aliyempikia mtoto uji huku anakunja goti lililochanika hahitaji kupokonywa mtoto, na Lubna nimemwambia hivyo jana. Alilia. Mimi nitakuwa shangazi wa likizo, na likizo nimezipigia mahesabu, ni nyingi. Yale maneno ya kuku yamekwisha, usiyaguse tena.

Nakuja Jumamosi, tarehe mbili. Bisi nimeshazikaanga kwa majaribio, Mbarak akazila zote. Nitakaanga nyingine Ijumaa usiku, nizilete zikiwa bado kavu.

Dada yako,
Afiya


Mambrui,
29 Julai 2025

Dada Afiya,

Shikamoo. Barua hii nimempa kondakta nikamshika ukosi, lazima uipate kabla hujapanda basi.

Umair hana ugonjwa. Tulia. Miguu yake ni mizima kuliko yangu, na umenipa mtoto wangu nikiwa sijatoa hata ushahidi wangu. Ushahidi ninao, dada. Ninao tangu Jumapili ile, na nimeuficha. Jambo moja ambalo lingekufanya useme "abaki" siku hiyohiyo, nimelikalia mimi, Ridhwan, nisiyeweza kukalia hata kikohozi. Nimewaapisha Lubna, kocha, Bi Nyevu, Nyaboke. Nimeifunga mdomo Mambrui nzima, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliweza, na sikuweza hata kujisifia.

Jua halikuwamo, mwalimu. Ilikuwa hivi.

Umair nilimwachia Bi Nyevu. Alikuwa nyuma ya goli langu na kasha lake la barafu, anauzia washangiliaji. Nilimwambia mkalishe, akisimama mkalishe. Kwa sababu yako. Bi Nyevu akasema sawa, akampa barafu ya ukwaju ili anyamaze, akaendelea na wateja.

Mpira ulikuwa mbali, upande wao. Nikasikia watu wa nyuma wanasema, "Tazama, tazama!" Nikageuka.

Amesimama, hakushika kasha, hakushika mtu. Barafu mkononi, mchuzi wa ukwaju unamtiririka mpaka kiwikoni. Akapiga hatua. Akayumba kama mimi siku ya kwanza ya magongo. Akapiga nyingine. Akapita chini ya wavu palipochanika, akavuka mstari wa goli, anakuja. Usidhani alinitazama usoni, dada. Alikuwa anatazama goti. Miezi yote hii amejua barafu inakaa wapi. Akafika, akaibandika barafu yake gotini kwangu, akaigandamiza kwa mikono miwili kama Nyaboke, halafu akainua uso kuona kama imenifaa.

Nikachuchumaa kumshika. Nikachuchumaa mpaka chini, makalio yakagusa visigino! Goti halikusema kitu. Niko chini pale, nimemkumbatia, nimepona na sijui kama nimepona, na ndipo Odera akapiga kutoka katikati ya uwanja. Mpira ukanipita ubavuni unadundadunda polepole, kama unauliza njia. Ukaingia.

Refa akapuliza filimbi akaonyesha katikati. Nikamwambia, "Refa, kuna mtu wa ziada uwanjani!" Akasema, "Huyo ni wa kwenu." Gongoni walicheka mpaka ngoma ikasimama. Odera mwenyewe alikuja akampa Umair mkono. Goli lile sijutii, wallahi, waniandikie kwenye kaburi wakitaka. Penalti sikuizuia kwa mikono, niliizuia kwa furaha niliyokuwa nayo.

Mchezo ulipokwisha Bi Nyevu alikuja na sufuria la bisi, watu wameshakusanyika, watoto wamekinga mashati. Nikamwambia ondoa. Akasema, "Mtoto ametembea, Ridhwan, wataka nini tena?" Nikasema shangazi yake hajafika. Wamezila bila kumwagwa. Kichwa cha Umair hakijaguswa na punje moja, na sasa anatembea nyumba nzima, anamfukuza mbuzi uani. Ukija na bisi zako utampata, hatokuwa mbali. Lakini hazitakuwa za hatua za kwanza, na mimi siwezi kukudanganya kwamba ni za kwanza, nilijaribu wiki nzima, ndiyo maana mstari ulikuwa mmoja.

Nilikwambia kuzuia ndiyo kazi yangu. Goti limepona, mbuzi tumemchukua, Lubna anasoma, mwanangu ni wangu. Kilichoharibika ni kimoja. Alipoifikisha ile barafu gotini, nilimnyanyua juu nikageukia pale kwenye mstari ulipokuwa ukisimama kuniita kula, nikuonyeshe, na mkono nilikuwa nimeshauinua, dada, ndipo nikakumbuka kwamba hukuwako.

Mdogo wako,
Ridhwan